Kadi ya mwenzetu tuliyoifuta

Ndugu na dada zetu, na ninyi mnaofanya kazi na wakimbizi, leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe.

Tulitaka kurekodi ngoma zetu Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, hapa Kampala. Kamera tuliazima, lakini haikuwa na memori kadi. Mwenzetu mmoja wa Goma akatoa ya kwake. Kamera ikauliza: kadi ifutwe? Tukabonyeza ndiyo bila kufikiri, tukarekodi kutwa nzima.

Jioni akauliza, "Foto zangu muliziweka wapi?" Tukanyamaza. Kumbe mle kulikuwa na picha ya diplome yake ya sekondari, karatasi yenyewe ilibaki nyumbani walipokimbia. Na foto za marehemu baba yake.

Tukampeleka kwa fundi mjini. Alitueleza hivi. Ndani ya kadi, picha ni sifuri na moja tu. Nane zikikaa pamoja ni baiti moja, na picha ya simu ina mamilioni ya baiti. Kadi ina vyumba vidogo sana vinavyoshika chaji ya umeme, nayo inabaki hata ukizima kamera. Halafu kuna orodha, kama daftari ya mwenye nyumba: nani yuko chumba gani. Ukifuta haraka haraka, unafuta daftari. Wapangaji bado wako ndani.

"Mngeniletea kabla ya kurekodi, nyingi tungezipata," alisema. Lakini video zetu zilishaingia vyumbani na kuwatoa wapangaji. Tulipata picha saba. Moja ni ya baba yake, nusu imekuwa kijivu. Diplome hatukuiona.

Tangu hapo tumejifunza kwamba kila kifaa kina ugonjwa wake. Flashi na SSD ni ndugu za kadi: hakuna kinachozunguka ndani, ila zikiungua zimeungua. Hadi diski ya kawaida ina sahani za sumaku zinazozunguka, ukiiangusha ikiwa inafanya kazi inaweza kufa. RAM ni meza ya kazi tu: umeme ukikatika, ambacho hukuhifadhi kimeenda. Na "wingu" haliko juu angani, ni diski za kampuni kwenye majengo ya mbali. Bila bando na neno la siri, hulifikii.

Mwaka 1956 IBM ilitoa mashine ya sahani 50, uzito wake takriban tani moja, ikihifadhi megabaiti 5 hivi. Leo hiyo ni picha moja au mbili za simu. Ile hakuna ambaye angeisahau kwenye taksi. Yetu ni ndogo kama ukucha.

Kwa hiyo sasa kila mtu wetu ana nakala tatu: kwenye simu, kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine anayemwamini, na kwenye barua pepe. Na ninyi wa mashirika, mkiskani karatasi zetu, tafadhali mtutumie nakala hapo hapo. Dakika mbili tu.

Mwenzetu bado anatafuta mtu wa kumfuatilia diplome kule Goma. Tunamchangia pesa ya kupiga simu. Hajatugombeza hata siku moja, na hilo ndilo linatuuma zaidi.

Wewe, karatasi zako ziko sehemu ngapi?