Picha zote zilikuwa mahali pamoja

Wiki mbili kabla ya mahafali ya darasa la saba, binti wa miaka 13 alimwomba mama yake picha moja tu, ile aliyopigwa akiwa mchanga, amepakatwa na bibi yake. Mwalimu alitaka kila mhitimu apeleke picha ya utotoni ibandikwe ukutani.

Mama hakuona tabu. Alifungua kabati, akatoa diski ya nje, ile ambayo wengi huiita eksteno, akaichomeka kwenye kompyuta pale sebuleni kwao Tabata, Dar es Salaam. Taa iliwaka. Kisha ikasikika sauti: tik, tik, tik. Kompyuta haikuonyesha kitu.

Alibadilisha waya, akajaribu tena. Ndipo mdogo wa binti huyo, mvulana wa miaka minane, aliposema kwa sauti ya chini kwamba wiki iliyopita aliichukua atazame katuni, akajikwaa kwenye waya, diski ikaanguka sakafuni ikiwa inafanya kazi. Hakumwambia mtu kwa sababu haikupasuka.

Mama alifoka kiasi kwamba jirani alichungulia. Mtoto alikwenda kulala bila kula.

Kesho yake mama alikwenda Kariakoo. Fundi aliisikiliza diski kwa sekunde chache tu, akaizima. "Mama, usiiwashe tena," alimwambia. Akamweleza kwamba ndani yake kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, na vichwa vya kusomea vinavyopita juu yake bila kuzigusa. Ikianguka inapozunguka, vichwa hivyo vinaweza kuzikwaruza, na kila ukiiwasha unaongeza jeraha. Kuzirudisha picha kungehitaji wataalamu wenye vifaa maalumu, gharama yake ni kubwa, na hakuna wa kumwahidi kwamba zitapatikana.

Njiani kurudi, ndani ya daladala, mama alikumbuka alivyofanya miaka miwili nyuma. Simu zilikuwa zimejaa. Alihamishia kwenye diski hiyo picha za simu zote mbili na za kompyuta mpakato ya zamani, zaidi ya 30,000. Kisha akafuta kwenye simu, na ile kompyuta akamgawia mpwa wake baada ya kuisafisha. Siku ile alijiona mwangalifu kuliko ndugu zake wote. Kumbe alichofanya ni kuhamisha, si kutunza. Picha zilitoka sehemu tatu zikaenda sehemu moja.

Bibi alifariki binti akiwa na miaka mitano. Kulikuwa na video ya dakika mbili, bibi akimfundisha mjukuu wimbo wa Kinyakyusa kibarazani kwake Rungwe. Kwa mama, hiyo ndiyo iliyouma kuliko zote. Ilikuwa sauti ya mama yake.

Usiku huo aliwaandikia ndugu wote. Baada ya siku tatu kaka yake wa Mbeya alijibu: "Dada, ninayo. Ulinitumia WhatsApp zamani." Ilikuwa ndogo na yenye ukungu, kwa kuwa WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na video inapozituma. Sura ya bibi haikuonekana vizuri, lakini sauti ilisikika yote. Picha ya utotoni haikupatikana. Binti alipeleka shuleni picha iliyokatwa kutoka kwenye video hiyo.

Wakati wanaitazama, mama alimwita mvulana wake akakaa naye. Alimwambia kosa la kutosema ni la kwake, ila kosa kubwa ni la mama. Kama kuanguka mara moja kwa mkono wa mtoto kunaweza kufuta miaka 13 ya familia, basi mpangilio ndio uliokuwa mbovu.

Mwisho wa mwezi baba na mama walinunua diski mbili mpya za ukubwa uleule, za terabaiti moja. Walipiga hesabu kwanza: picha ya simu ikiwa na megabaiti nne, picha 40,000 ni kama gigabaiti 160. Nafasi ya video na ya miaka ijayo ilibaki tele.

Wakafuata kanuni ambayo mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, anatajwa kuieneza: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kila picha sasa ipo kwenye kompyuta, kwenye diski A na kwenye diski B. Zile chache zisizo na mbadala, pamoja na video ya bibi, ziko pia kwenye akaunti ya Google, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo.

Kabla ya kuweka picha, baba aliziandaa diski zote mbili kwa mfumo wa exFAT ili zisomeke kwenye Windows na kwenye Mac. Alifanya hivyo zikiwa tupu, maana kuandaa diski hufuta kila kilichomo. Picha zilipangwa kwa mwaka na mwezi. Wananakili, hawahamishi. Hakuna kinachofutwa kwenye simu mpaka idadi ya mafaili ilingane pande zote na picha kadhaa zifunguliwe kuhakikisha zinaonekana. Diski haichomolewi mpaka kompyuta iruhusu.

Diski A inakaa kabatini. Diski B iko kwa mjomba Mbeya, na kila wanapokwenda Krismasi zinabadilishana nafasi. Mwizi, moto au mvua ikiingia Tabata, haitafika Mbeya siku hiyohiyo.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi diski A hukaguliwa. Kazi hiyo amepewa mvulana. Huiweka katikati ya meza, mbali na ukingo, huuzungusha waya nyuma ya kompyuta asiukwae mtu, kisha hufungua picha kumi alizochagua mwenyewe. Ya mwisho huwa ni video ileile, na humwita mama aje asikilize.