Ubao Uliao

Chumba chetu cha ghorofani, Mji wa Kale, Mombasa, kina sakafu ya mbao. Kila niamkapo kwa tahajudi, ubao hulia ukamwamsha ahali yangu, naye ana maradhi ya moyo. Nikanunua zulia nikidhani litaunyamazisha. Fundi akacheka: "Shekhe, zulia hufunika, halikazi." Mbao zilikuwa zimekauka na kusinyaa, misumari imelegea, nazo zikisuguana nayo. Akazitafuta boriti, akakaza kila ubao kwa parafujo, akazamisha vichwa vyake visitoboe zulia. Ndipo tukatandika.

Usiku ule nilipita kimya, nimefurahi. Asubuhi akaniuliza: "Bwana, jana hukuamka? Mlio ule ndio uliokuwa ukiniamsha kuleta dua."

Sasa humgusa bega, kabla sijatawadha.