Shangazi yangu na mafundi wa bia wa Marekani

Wiki nzima hii nimekuwa nikisoma habari za bia. Msinicheke wadau, ni kazi. Pale gazetini kila mmoja wetu hupewa kitu cha kufuatilia, na mimi nimeangukiwa na viwanda vya bia duniani. Nilitegemea kukutana na hesabu za makreti na bei za hisa basi. Badala yake nimekutana na jambo lililonikaa kichwani, na kwa kuwa gazetini halitapata nafasi, naliweka hapa kijiweni kwangu.

Tuanze na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi ile yenye watu zaidi ya milioni 200 ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, na karibu vyote vilitengeneza laga ile ile, nyepesi, ya njano, ladha moja. Kupika bia nyumbani lilikuwa kosa. Marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933 waliruhusu mvinyo wa nyumbani, bia ikaachwa nje. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyobadilisha mambo. Kuanzia Februari 1979 mtu mzima angeweza kupika galoni 100 kwa mwaka bila kutozwa kodi ya serikali kuu, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, yaani kama lita 757. Ya kunywa nyumbani, si ya kuuza.

Sheria ndogo tu, sivyo? Lakini watu walipata ruhusa ya kujaribu, kumwaga na kujaribu tena bila kuogopa kugongewa mlango. Ken Grossman, kijana aliyekuwa akiuza vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico, California, akaanza kupika bia ya Sierra Nevada mwaka 1980. Alitumia vyombo vya mitumba vilivyotoka viwanda vya maziwa. Bia yake ilikuwa chungu, yenye harufu ya machungwa kutokana na hopsi aina ya Cascade. Leo Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, vingi vikiwa vidogo vya mafundi wa namna hiyo.

Halafu zikaja fasheni. Kwanza ilikuwa ni kushindana kwa uchungu, kila mtu na IPA yake. Baadaye huko Vermont bia ya Heady Topper ikawazoesha watu bia yenye ukungu, isiyochujwa. Watu wakapanga foleni, na mwaka 2018 chama chao, Brewers Association, kikaziingiza bia za ukungu kwenye orodha rasmi ya mitindo. Zikafuata bia chachu. Wakawageukia Wabelgiji na lambic yao, ambayo mpishi haitii hamira kabisa. Anaiacha ipoe wazi usiku, chachu ya hewani ifanye kazi yenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kuisifia bia mbele ya wajuzi wa Marekani utasema hivi: haijachujwa, ina ukungu, ina uchachu kidogo, imepikwa kidogo kidogo, inywewe ingali mpya, na aliyeipika unamjua.

Jamani! Hiyo si mbege?

Shangazi yangu anapika mbege huko Rombo tangu sijazaliwa. Anachemsha ndizi mbivu na kuziacha zichachuke siku kadhaa. Ulezi anauotesha, anauanika, unasagwa, anaupika uji, kisha anachanganya na maji ya zile ndizi. Hopsi hana, ana gome la msesewe. Likizidi, pombe haiingii mdomoni. Likipungua, wazee wanasema mama leo umetupa togwa. Hana kipimo chochote zaidi ya ulimi wake. Ndoo zile ndizo zilizonilipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita, na siku ninaondoka kwenda chuo kikuu nauli ilitoka humo humo.

Huko Marekani mtu kama yeye angeitwa fundi na kualikwa kwenye maonyesho. Kwetu anaitwa mama pombe. Na hapa ndipo panaponiuma kama mwandishi. Fungua gazeti lolote la kwetu. Mwenye kiwanda cha bia yuko ukurasa wa biashara, amevaa suti. Mpika pombe yuko ukurasa wa matukio, pipa lake linamwagwa. Kinachopikwa kinafanana, wote wanageuza nafaka na sukari kuwa kilevi. Tofauti ni ukurasa.

Najua mtakachosema. Pombe za mitaani zinaua. Ni kweli. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini tusichanganye madawa. Iliyowaua ni pombe kali iliyotiwa sumu, haikuwa pombe ya ndizi na ulezi. Kwetu gongo ni kosa kisheria, wakati Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua pombe ya kienyeji na ina utaratibu wake wa leseni. Shida ni kwamba midomoni mwetu na kwenye vichwa vya habari zote tunaziita pombe haramu. Wakenya mwaka 2010 walithubutu hata chang'aa kuipa sheria ya viwango na leseni. Imefanikiwa kiasi gani ni mjadala mwingine, lakini walau walilizungumza bungeni.

Wala sisemi mbege itatutajirisha. Huko kwa wenzetu mambo yameanza kuwa magumu. Anchor ya San Francisco, ambayo mafundi wengi wanaihesabu kama mama yao, ilitangaza kufunga mwaka 2023 baada ya miaka 127, kisha 2024 ikapata mnunuzi. Mwaka huo huo wa 2024 viwanda vilivyofungwa Marekani vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Fasheni ina mwisho. Mbege haikuanza kama fasheni, ndiyo maana mahari na matanga bado vinaihitaji.

Kinachowezekana tunakiona Afrika Kusini. Apiwe Nxusani-Mawela, dada aliyesomea upishi wa bia, ana bia yake iitwayo Tolokazi na anatumia mtama, nafaka ambayo mabibi zake waliipikia umqombothi. Hakumwacha bibi nyuma ili awe wa kisasa. Ameingia naye kiwandani.

Mimi kwa sasa nina kalamu tu. Makala ninayoiandaa itakuwa na Grossman na vyombo vyake vya maziwa, na itakuwa na wanawake wa Rombo, bei ya ulezi, bei ya kuni na faida inayobaki kwenye ndoo moja. Nitaiombea ukurasa wa biashara. Mhariri akiipeleka kwenye matukio, mtaniona nikibishana naye pale pale dawatini.

Haya wadau, kwenu mbege inaitwaje? Ulanzi? Komoni? Rubisi? Na aliyeipika mlimwitaje?