Juu ya Sinema Iitwayo Chariots of Fire

Iko sinema ya Kiingereza iitwayo Chariots of Fire, maana yake Magari ya Moto, ambayo walimu wengi hupenda kuwaonyesha vijana wao. Ilitolewa mwaka wa 1981, na mwaka uliofuata ikapata tuzo nne za Oscar kule Marekani, mojawapo ikiwa ile ya sinema bora. Nasi tumeitazama nyumbani kwa deki, wala si mara moja, pamoja na vijana na pamoja na wazee, tukiirudisha nyuma kila penye shaka. Wako wasemao kwamba sinema ikimtaja Mungu kwa heshima imekwisha kuwa njema, haina haja ya kupimwa. Sisi twaona kwamba hiyo hasa ndiyo ya kupimwa, kwa sababu watoto huiamini yote.

Habari yake ni ya wakimbiaji wawili waliokuwako kweli, walioshindania Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 1924. Wa kwanza ni Harold Abrahams, Myahudi, mwanafunzi wa Cambridge, akimbiaye ili wamdharauo kwa ajili ya kabila lake wale vumbi lake. Wa pili ni Eric Liddell, Mskoti, aliyezaliwa Uchina mwaka wa 1902, na wazazi wake walikuwa wamisionari huko. Liddell alikataa kukimbia mita 100, kwa kuwa mbio za mchujo ziliwekwa siku ya Jumapili. Akakimbia mita 400 akashinda. Abrahams naye akazishinda zile mita 100. Hayo ni kweli tupu.

Kwa maoni yetu sehemu ya Abrahams ndiyo iliyotengenezwa vizuri kupita zote. Wakubwa wa vyuo wamwita chakulani, wamwambia kwa adabu nyingi kwamba si uungwana kumwajiri mwalimu wa mbio alipwaye fedha. Na nyuma ya adabu ile mtazamaji aona dharau nyingine isiyotajwa. Mwalimu huyo ni mzee Sam Mussabini. Siku ya mashindano hayumo uwanjani, maana wa kazi yake hawatakiwi humo. Amekaa peke yake katika chumba cha hoteli. Mbio hazioni. Kisha dirishani aona bendera ya Uingereza ikipanda juu ya mlingoti, ajua kwamba kijana wake ameshinda. Akaa kitandani, aipiga kofia yake ngumi hata ikatoboka. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, aliyefundisha shule miaka mingi, alitoa machozi hapo, naye penye mbio zenyewe alikuwa akisinzia.

Wala hatukumlaumu kwa kusinzia. Mbio zenyewe zimepunguzwa mwendo mno, miguu yaenda kama ya watu walio majini, hata mtu asiyejua hawezi kufahamu kwamba Liddell alizimaliza mita 400 kwa sekunde 47.6, tena katika njia ya nje kabisa, asipoweza kuwaona wenziwe. Muziki wa Vangelis ni mzuri, ingawa vyombo vyake si vya zamani zile. Na wale vijana wenye nguo nyeupe wakimbiao pwani, picha yasema wako Kent, kumbe ufuko ule ni wa St Andrews, Uskoti. Hilo halimdhuru mtu. Vilevile Abrahams hakukimbia kuuzunguka ua wa chuo cha Trinity kabla saa haijamaliza kupiga. Aliyefanya hivyo ni Lord Burghley, mwaka wa 1927. Mtunga hadithi hutia chumvi, na chumvi kidogo si sumu.

Walakini liko moja lisilo chumvi. Katika sinema, Liddell yuko ngazini apanda meli ya kwenda Ufaransa, ndipo asikia kwamba mchujo ni Jumapili. Afika Paris, wakubwa wamzunguka chumbani, na mtoto wa mfalme yumo, wamsihi. Mara aingia kijana mmoja wa kibwana, Lord Andrew Lindsay, asema kwamba yeye amekwisha pata nishani yake, basi Liddell na achukue nafasi yake katika mita 400. Wote wapumua. Hapo kijana mmoja wa kwetu akatuuliza, "Na kama yule bwana asingetoa nafasi yake?"

Swali hilo ni zuri kuliko sinema. Jibu lake ni kwamba hapakuwa na Lindsay. Mtu huyo alibuniwa. Liddell aliijua ratiba miezi mingi kabla ya safari. Alikataa mapema, akaacha na mbio za kupokezana vijiti, kwa kuwa nazo ziliangukia Jumapili. Kisha akajizoeza kwa ajili ya mita 400, ambazo hazikuwa mbio zake hasa, huku magazeti yakimlaumu. Tena alipata nishani ya shaba katika mita 200. Kijana aliyeona sinema tu atadhani kwamba mwenye kushika dhamiri hupata mlango mwingine jioni ile ile, akifunguliwa na mtu mkubwa. Kumbe Liddell aliutengeneza mlango wake mwenyewe, kwa jasho, wala hakuwa na ahadi kwamba utafunguka.

Na dada yake, Jennie, amefanywa kuwa mtu wa kumkaripia nduguye kwamba riadha zamwondoa katika kazi ya Mungu. Hakumpinga hivyo. Mtunzi, Colin Welland, alitaka ugomvi ndani ya nyumba, basi akamtwika dada. Yeye ndiye aliyetunga pia lile neno ambalo wahubiri hulirudia kama la Liddell, kwamba akimbiapo huiona furaha ya Mungu. Neno ni zuri, nasi hatuwakatazi kulitumia. Ila waseme ni la sinema.

Basi iletwe nyumbani? Na iletwe. Haina matusi mengi wala uchafu, nayo huchukua saa mbili na dakika chache. Ian Charleson, aigizaye Liddell, asoma kitabu cha Isaya kanisani kwa sauti isiyojitukuza, wakati wenziwe wakikimbia; wasomaji wa masomo wa Jumapili wangefaidika kumsikiliza. Lakini mwalimu asizime deki mara tu maandishi ya mwisho yatokeapo. Yasema kwa maneno machache kwamba Liddell alikuwa mmisionari, akafa Uchina mwishoni mwa vita, na hapo vijana huinuka waende zao.

Hapo mwalimu awaketishe tena, awape yaliyosalia kwa mdomo. Liddell alirudi Uchina mwaka wa 1925, akafundisha shule Tientsin. Mwaka wa 1941 aliwapeleka mkewe na binti zake Canada, na binti wa tatu alizaliwa huko, naye baba hakumwona. Mwaka wa 1943 Wajapani walimtia katika kambi ya wafungwa ya Weihsien, pamoja na watoto wengi wa shule waliotengwa na wazazi wao. Aliwafundisha sayansi, akawasimamia michezoni, ila siku ya Jumapili michezo haikuwako. Vijana wakacheza mpira wa magongo Jumapili bila msimamizi, wakapigana. Liddell akafikiri juu ya jambo hilo; na Jumapili iliyofuata, mtu yule yule aliyekataa mita 100 za Paris akatoka uwanjani kuwa mwamuzi wao. Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945, kwa uvimbe wa ubongo, mwenye umri wa miaka 43. Kambi ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka uo huo.