Ahadi Niliyoivunja Kariakoo

Ndugu msomaji, kama u mzazi, bila shaka umewahi kumwahidi mtoto wako jambo kabla ya kuhesabu fedha zilizomo mfukoni. Mimi nilifanya hivyo. Nataka kukueleza yaliyonipata, huenda yakakufaa siku utakapotaka kuwapeleka wako mjini.

Sisi ni watu wa milima ya Uluguru. Tunalima ndizi, machenza na mboga, na mazao yetu mengi huchukuliwa kwa magari mpaka soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Watoto wangu walijua kufunga tenga tangu wadogo, lakini bahari walikuwa hawajapata kuiona.

Mwaka 2019 kijana wangu wa kwanza alikuwa darasa la saba. Mahali fulani aliona picha ya uwanja wa michezo ya maji ulioko pwani ya Kunduchi, kaskazini ya mji, karibu na hoteli kubwa ya ufukweni. Katika picha ile watoto walikuwa wakiteleza kutoka juu na kutumbukia bwawani. Nikamwambia, "Soma kwa bidii. Ukifaulu, Desemba nitakupeleka huko." Akasoma, akafaulu. Basi deni likanikaa shingoni.

Nikauza ndizi, nikauza na mbuzi mmoja. Desemba tukashuka mlimani, mimi, mama watoto na watoto wanne. Basi la Morogoro likatushusha Ubungo, kwa maana wakati ule kituo kikuu cha mabasi kilikuwa bado huko. Tukapanda mwendokasi, yale mabasi marefu yaliyoanza mwaka 2016, nauli shilingi 650 kwa mtu mzima, mpaka Gerezani, ukingoni mwa Kariakoo.

Rafiki anayepokea mizigo yetu sokoni alikuwa ametutafutia nyumba ya wageni katika uchochoro nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku. Magorofa yameizunguka pande zote, nayo imebaki chini kama mzee aliyeketi kati ya vijana warefu.

Lakini ngoja nikueleze ya ndani. Kuta zilipakwa rangi ya buluu mpaka kiunoni, na juu yake zimechorwa jahazi zenye matanga. Mlango ulizungushiwa simbi na magamba ya kombe yaliyogandishwa kwa saruji. Vyumba havikuwa na namba, vilikuwa na majina: Changu, Nguru, Papa, Kamba, Kasa na Pweza. Na uani palimwagwa mchanga mweupe, na juu ya mchanga imewekwa ngalawa kuukuu, nusu tu, ili watoto wa wageni wacheze. Mwenye nyumba, mzee wa watu wa Bagamoyo, tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akatuambia, "Baba yangu alikuwa mvuvi. Zamani nikiketi barazani hapa nilikuwa napata upepo wa bahari. Wakajenga gorofa, wakajenga na jingine, upepo ukakatika. Basi nikaona niilete bahari ndani."

Wavulana wangu wawili wakapewa chumba cha Pweza. Walicheka mpaka usingizi ukawachukua.

Asubuhi nikatoka peke yangu, nikapiga simu kuuliza kiingilio cha Kunduchi. Sisemi kwamba bei ilikuwa ya ulaghai, maana mahali kama pale pana gharama zake. Lakini nilipozidisha kwa vichwa sita, nikaongeza nauli na chakula, nikaona kwamba nikilipa, hatutakuwa na fedha za kurudia nyumbani wala za sare ya kidato cha kwanza.

Hapo ndipo nilipokosea, ndugu msomaji. Nilirudi, nikasema kwa uso mkavu, "Wanangu, bahati mbaya. Kunduchi pamefungwa, wanatengeneza."

Nikawapeleka sokoni ili wasahau. Niliwaeleza kwamba jina la Kariakoo limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi mahali pale wakati wa vita kuu ya kwanza, na ya kuwa soko lile lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Tukasimama chini ya dari lake la zege, lililofanana na miavuli mikubwa iliyopinduliwa, iliyofanywa hivyo ili ikinge maji ya mvua. Tukashuka mpaka shimoni walikokuwa wakiuza kwa jumla. Binti yangu akapaza sauti, "Baba, tenga lile ni fundo la kwetu!" Kweli, kamba ilikuwa imefungwa kwa namna ya kijijini kwetu. Tukafurahi, nami nikadhani nimeponea.

Jioni kijana wangu alikuwa barazani na yule mzee. Nikamsikia akisema, "Babu, pole yetu, Kunduchi pamefungwa." Mzee, bila kujua, akajibu, "Pamefungwa lini? Wajukuu zangu walikuwako jana."

Mtoto akanitazama. Hakusema neno. Akaingia chumbani, na chakula cha usiku hakukila.

Mama watoto akanivuta kando. Akaniambia, "Baba watoto, kukosa fedha si aibu. Lakini kesho ukimwambia jambo la kweli, atalijuaje kuwa ni la kweli?"

Sikuwa na jibu. Nikamwita kijana uani, tukaketi ndani ya ile ngalawa. Nikafungua kitambaa changu, nikamwaga noti na sarafu zote kati yetu. Nikasema, "Mwanangu, nilikudanganya. Hakuna palipofungwa isipokuwa mfuko wangu. Hizi ndizo fedha zote. Hizi nauli ya kurudi, hizi sare yako, hizi chakula. Nimeona haya kukuambia."

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Baba, ungeniambia hivi asubuhi." Neno lile liliniuma kuliko kama angelia. Halafu akazihesabu fedha mwenyewe, mara mbili, akauliza, "Kuvuka kwenda Kigamboni ni shilingi ngapi?"

Ilikuwa shilingi 200 kwa mtu mzima. Basi siku ya pili tukaenda, naye ndiye aliyeshika fedha. Mzee wa nyumba alituusia, "Nyinyi watu wa milimani, msijione mashujaa. Ulizeni kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa, wala mtoto asipite magoti bila mtu mzima." Tukapita Mnazi Mmoja kwa miguu hata tukatokea ukingo wa bandari, penye Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililoanzwa kujengwa wakati wa Wajerumani mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902. Tukapumzika kivulini mwake, kisha tukaenda soko la samaki la Feri. Pale wavulana wangu wakakutana na pweza hasa, amelazwa juu ya meza, mikono yake minane ikining'inia. Yule mdogo akasema hatalala tena katika chumba kile.

Tukavuka kwa pantoni, tukatembea mpaka ufukweni. Kitinda mimba wangu akaonja maji, akauliza kwa hasira nani ametia chumvi. Kijana mkubwa alisimama mbali kidogo, bado amenuna. Ndipo wimbi likamjia kwa nyuma, likamwangusha kifudifudi. Akainuka na mchanga mpaka masikioni, akacheka, nasi tukacheka. Tulikaa huko hadi jua lilipopungua, na wakati wa kurudi alinipa chenji na hesabu yake, hata senti haikupungua.

Miaka imepita. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile likashika moto, na habari ilipotufikia mlimani watoto walihuzunika kama kwamba ni shamba letu limeungua. Wanapokumbuka safari ile huzungumza juu ya pweza, ngalawa ya uani na fundo la kamba tulilolikuta sokoni. Lakini yule mkubwa anaukumbuka na uwongo wangu. Hasemi kwa kulaumu, ila najua anaukumbuka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuwatembeza wanao, hesabu kwanza, kisha ahidi. Na ikiwa umekwisha kuahidi nawe huna, weka kitambaa mezani, wakione. Mtoto ataweza kuvumilia umaskini wa baba yake. Kuvumilia kudanganywa ni kazi nyingine.

Kunduchi hatujafika mpaka leo. Kijana wangu sasa ni mtu mzima, na juzi aliniambia, "Baba, nikipata kazi, nitakupeleka mimi."

Nikamjibu, "Ahsante, mwanangu. Lakini uulize bei kwanza."