Zoezi la kushambulia na kuzuia



Wengi mumetuuliza bidoni zinafanya nini uwanjani. Ni zoezi tulilotunga sisi waalimu wa kujitolea. Zamani kila mtoto alitaka kushambulia tu. Beki aliwekwa yule mdogo, ao mgeni aliyefika juzi. Goli likiingia, lawama zote kwake. Mmoja aliacha kuja, na shuleni pia akaacha.

Tukakumbuka Intamba mu Rugamba. Tarehe 23 mwezi wa 3, 2019, Burundi ilitoka 1-1 na Gabon pale Bujumbura, ikapata kwenda Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura aliyekimbilia Uingereza akingali mtoto (watoto wanapenda sana hiyo habari). Huko Misri walifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, 2-0 na Guinea. Mechi tatu, magoli manne tu. Lakini wao hawakufunga hata moja. Kuzuia walijaribu. Kutoka kwenye kuzuia mpaka goli la mwenzako, hapo ndipo kazi ilipo.

Basi tunapima hatua 25 kwa 15. Upande mmoja goli kubwa na kipa, upande wa pili vigoli viwili vya bidoni. Wanne wanashambulia, watatu wanazuia. Goli kubwa ni pointi 1. Beki akinyang'anya mpira, kuubutua nje ni marufuku: unaingia kwenye mihogo ya watu, na mpira tunao mmoja! Wanapasiana mpaka kwenye kigoli kabla ya hesabu ya 10, wanapata pointi 2. Wadogo wanaosubiri ndio wanahesabu, tena kwa kelele. Mshambuliaji akipoteza mpira akasimama mikono kiunoni, timu yake inakatwa pointi. Baada ya mashambulizi 6 wanageuzana.

Yule mtoto amerudi. Pasi zake ni nzuri kuliko za wakubwa, na sasa wanamgombania wakipanga timu.

Mwezi ujao tutashuka Bujumbura kucheza na watoto wa Buyenzi, ambao wana mbio sana. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa, wasichana pia. Mwenye bidoni iliyotoboka atuletee. Nzima ziacheni za maji.