Jozi moja ya skii kwa kila theluji: Mzazi achague ipi?

NI saa 11 alfajiri, Jumamosi ya Januari. Taa ya jikoni inawaka katika nyumba moja mjini Aurora, mashariki mwa Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Mama anafunga chapati kwenye karatasi ya foili na kumimina chai ya maziwa kwenye chupa. Watoto wawili, wa miaka 11 na minane, wanatafuta glovu chini ya kochi. Nje, baba anapakia kwenye gari jozi mbili za skii alizokodi kwa majaribio: moja pana, nyingine ya wastani. Jioni lazima awe ameamua anunue ipi. Pesa ya kununua zote mbili haipo.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zilizohamia Colorado, mchezo wa kuteleza kwenye theluji huingia nyumbani kupitia watoto. Wanasikia wenzao wakisimulia shuleni, nao wanataka. Mzazi aliyekulia kwenye joto anajikuta dukani, mbele ya ukuta uliojaa skii za kila rangi, hajui aanzie wapi.

Baba huyu alianza vibaya. Mwaka uliotangulia alinunua skii zilizotumika, pamoja na buti, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Bei ilikuwa ya kutupa. Skii zilikuwa ndefu kuliko yeye, ngumu, na vifungo vya kushikilia buti vilikuwa vya zamani. Alipoanguka, kifungo kimoja hakikuachia, goti likajipinda. Alikaa nyumbani wiki tatu, na kazi yake hulipwa kwa saa. Mama ndiye aliyelipa kodi ya nyumba mwezi ule, kwa zamu za usiku.

"Safari hii tununue kwa akili," alimwambia mumewe. "Goti halina spea."

Somo la matairi

Kutoka Denver, iliyo mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, barabara kuu ya I-70 inapanda milimani kuelekea magharibi. Kati ya Septemba 1 na Mei 31, sheria ya jimbo inataka magari yanayopita sehemu ya milimani yawe na matairi yanayofaa theluji na matope, au yabebe vifaa kama minyororo. Gari la familia hii lina matairi ya majira yote. Siyo bora kwenye barafu, wala siyo bora kwenye lami ya Julai, lakini yanawafikisha.

Mtoto mkubwa analiona hilo kabla ya baba yake. "Baba, mbona gari lina matairi ya aina moja mwaka mzima, na wewe ulikuwa unataka skii za aina mbili?"

Mama anacheka. Baba anajitetea kwamba mabingwa wana skii nyingi, na hapo yuko sahihi. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko Pyeongchang. Wanariadha wa mashindano kama yale hubadilisha skii kulingana na mbio. Kwa wanawake, mbio za kona fupi za slalomu huruhusu skii za kuanzia sentimita 155, wakati zile za kasi za super-G hutaka zisizopungua sentimita 205.

"Sawa," anasema mama. "Wewe unashindana na nani?"

Mlima mmoja, theluji tatu

Wanafika Loveland, uwanja wa kuteleza ulio kando ya handaki la Eisenhower. Handaki hilo, lililo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, linapita chini ya mlima huo huo. Juu watu wanateleza, chini malori yanapita. Hakuna hoteli chini ya lifti zake. Wengi huja asubuhi na kurudi jioni.

Usiku theluji mpya imeanguka, laini kama unga wa sembe. Baba anaanza na skii pana, milimita 106 chini ya buti. Kwenye theluji ya namna hii upana ni raha. Skii haizami, inaelea, kama mtumbwi mpana unavyobeba mzigo majini. Anateremka mara tatu akitabasamu. Kama angelipa saa ile, angenunua hizo.

Lakini theluji ya unga kwenye uwanja wenye watu wengi haidumu. Ikifika saa nne imekwisha kukanyagwa, imekuwa vilima vidogo na mifereji. Baba anahamia Loveland Valley, sehemu ya wanaoanza, kuwafuata watoto. Huko mashine zimeshaisawazisha na kuikandamiza theluji, na penye kivuli imekuwa ngumu.

Mtoto mdogo anaanguka mbele yake na kupoteza skii moja. Baba anajaribu kukata kona ili asimame juu yake, amkinge na wanaoshuka nyuma. Skii pana inachelewa kulala ubavu. Ukingo wa chuma haushiki mapema, anateleza na kumpita mtoto kwa mita kadhaa. Hakuna aliyeumia. Ila inambidi apande tena kwa miguu, akihema, huku mtoto akiwa amekaa katikati ya njia analia.

Mchana anavaa jozi ya pili, milimita 88. Kwenye unga uliobaki pembeni inazama kidogo. Kwenye theluji ngumu inashika anapotaka. Penye vilima haimtupi. Haifanyi lolote kwa ubora wa juu, na hakuna inaloshindwa kabisa.

Swali la fundi

Jioni, dukani, fundi wa skii hamuulizi rangi wala chapa. Anauliza: "Unateleza siku ngapi kwa mwaka, wapi, na nani?"

Jibu ni siku nane au kumi, kwenye njia zilizosawazishwa, na watoto. Siku za unga mwingi huenda zikawa mbili. Hesabu inajifanya yenyewe. Mzazi anayetaka jozi moja achague ya siku anazoziishi zaidi, siyo ya siku anayoiota. Siku ya theluji nyingi ikija, skii pana zinakodishwa.

Kwa mtu mzima anayeteleza kwenye milima kama hii, vipimo vya kukumbuka ni vichache. Skii yenye milimita 80 au pungufu katikati hupendelea theluji ngumu. Inayozidi 100 hupendelea unga. Katikati ya hapo, kati ya 84 na 95 hivi, ndipo jozi ya kila siku inapopatikana. Urefu, ukiisimamisha, ufike kati ya kidevu na juu kidogo ya macho. Anayeanza abaki upande wa fupi. Isiwe ngumu kuliko nguvu na ujuzi wake, kwa sababu skii ngumu humburuza mgeni badala ya kumtii.

Kabla ya skii, buti. Ndizo zinazopeleka amri ya mguu kwenye skii. Buti kubwa humfanya mtu akanyage huku na kutazama kule, na buti inayobana hummaliza kabla ya saa sita mchana. Ipimwe jioni, mguu ukiwa umetanuka, kwa soksi moja nyembamba. Pesa ikiwa ndogo, itumike kwanza hapo.

Vifungo vipimwe na fundi, kwa kuzingatia uzito, kimo, umri, ujuzi na urefu wa soli ya buti. Vikilegea sana vitamwachia mtu bila sababu. Vikikazwa sana havitamwachia anapoanguka. Vikiwa vya zamani, maduka mengi hukataa kuvigusa, na mteja akikataliwa asitafute fundi mwingine. Atafute vifungo vingine. Hata vifungo vizuri havizuii kila jeraha la goti.

Na watoto wasinunuliwe skii za "kukulia", kama tunavyowanunulia sare za shule. Skii ndefu haimsubiri mtoto akue, inamwangusha leo. Maduka mengi ya Denver hukodisha vifaa vya watoto kwa msimu mzima, na mwaka unaofuata mzazi akavibadilisha kwa saizi mpya.

Kilichobaki

Baba alichukua jozi ya milimita 88. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika nyumba ile, jozi ya pili ingeponyoka na kitu kingine pia, ambacho hakuna aliyekuwa amekiweka kwenye hesabu.

Kwa misimu miwili mama alikuwa analinda mabegi kwenye mkahawa wa uwanjani, na kusubiri. Kila walipoulizana, alisema theluji siyo kwa ajili yake. Pesa iliyobaki baada ya jozi moja ilitosha buti za mama zilizopimwa vizuri, skii za kukodi, na somo la nusu siku.

Wiki mbili baadaye alisimama juu ya kimwinuko cha wanaoanza, pale Loveland Valley, mwalimu akiwa kando yake. Kimwinuko chenyewe hakizidi ngazi za ghorofa mbili. Baba na watoto walisimama chini, mabegi yako miguuni mwao.

"Mama, magoti!" alipiga kelele yule wa miaka minane. "Kunja magoti!"

Akakunja, akaanza kushuka.